Trimu za Shemeji

Sharti lilikuwa moja tu, na dada mtu alilitoa akiwa bado amesimama mlangoni mwa karakana, ndege ya kurusha kwa rimoti ameikumbatia kwapani, rimoti yenyewe ikining'inia shingoni kwa kamba yake.

"Usibadilishe kitu," alisema. "Nataka niione juu kama alivyokuwa anairusha yeye. Mara moja tu. Baada ya hapo hata mkiining'iniza darini, shauri yenu."

Mdogo wake aliinuka kutoka kwenye friji aliyokuwa akiifungua mgongo, akafuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Barafu, hata dada yake akimwita hivyo mbele za watu. Aliipokea ndege kwa mikono miwili. Mabawa yake yalikuwa mapana kuliko mlango, ikabidi waiingize kiubavu, kama watu wanaohamisha kabati.

Mwenye ndege alikuwa mume wa dada yake, fundi mizani. Miaka thelathini alizunguka duka hadi duka na sanduku la mawe ya kupimia, akirekebisha mizani za watu zilizoanza kudanganya. Miezi mitatu iliyopita alirudi nyumbani mchana, akaketi sebuleni kuvua viatu. Kimoja alikivua. Cha pili alivuliwa na watu wengine.

"Dada, mwenye mkono wa kurusha ni Kepteni," Barafu alisema. "Mpe yeye. Mimi nimeshazika ndege mbili pale uwanjani, na zote zilikuwa zangu."

"Kepteni ni jirani. Wewe tumenyonya titi moja."

"Nitaiua."

"Basi iue wewe. Sitaki iuliwe na jirani."

Kwa neno hilo mazungumzo yakaisha. Dada aliivua rimoti shingoni, akaiweka mezani kati ya kompresa iliyopasuliwa na chupa ya gesi, akaitazama kidogo. Miaka kumi na miwili mumewe alikuwa akienda uwanjani kila Jumapili asubuhi, na miaka kumi na miwili alikuwa akimwita waende wote. Jibu lilikuwa lilelile: mimi sina shingo ya kutazama juu. Walikuwa wakicheka wote wawili. Hakuenda hata siku moja.

"Jumapili hii," alisema, akatoka.

Kepteni alikuwa kinyozi. Jina alipewa uwanjani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiangusha ndege. Aliposikia habari hiyo aliguna, akakung'uta nywele kwenye shuka la mteja, akasema kuna njia. Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua saluni, alipita karakana na kijisanduku kisichozidi kiberiti, kimefungwa kwenye karatasi ya maelezo.

"Hii ni jairo," alisema. "Inakaa tumboni mwa ndege, katikati ya risiva inayopokea amri za rimoti na vile vimota vinavyovuta mkia na mabawa. Upepo ukiinamisha ndege, jairo inahisi kabla hujahisi wewe, inaiweka sawa yenyewe. Ni kama kumshika mtoto mkono anapovuka barabara. Wewe unaelekeza, yenyewe inazuia usianguke."

"Si kubadilisha kitu huko?"

"Ni kuongeza. Kuongeza si kubadilisha. Ukimaliza unaitoa, ndege inabaki kama ilivyokuwa. Soma karatasi. Mimi nina vichwa saba vinanisubiri, nitarudi saa nane."

Barafu hakuwa msomaji wa haraka, na maandishi ya karatasi ile yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Lakini waya alizijua. Mtu aliyezoea kufuata umeme ndani ya tumbo la friji hapotei ndani ya ndege. Alifungua kifuniko cha juu, akaona kazi ya shemeji yake. Kila waya ulikuwa umefungwa kwa uzi, na kwenye kila uzi kipande cha karatasi chenye namba ya chaneli yake, yaani njia ya amri kutoka kwenye rimoti. Chaneli ya kwanza, vile vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyolaza ndege kushoto au kulia. Ya pili, kibao cha mkiani cha kupanda na kushuka. Ya tatu, mota ya pangaboi. Ya nne, usukani. Ya tano na ya sita hazikuwa na kitu.

Alibandika jairo katikati kabisa ya tumbo la ndege, akazipitisha waya moja moja: kutoka risiva kuingia kwenye jairo, kutoka jairo kwenda kwenye vimota. Mota ya pangaboi aliiacha ilivyo. Chaneli ya tano akaipa swichi iliyo kwenye bega la kushoto la rimoti, ile yenye vituo vitatu: juu jairo imezimwa, katikati inasaidia, chini inainyoosha ndege yenyewe hata ukiachia vijiti vya kuongozea. Chaneli ya sita akaipa kinobu cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza nguvu ya jairo, maana ikizidi ndege hutetemeka kama mwenye homa. Akaiweka ndege ikae kimya juu ya meza, kwa kuwa karatasi ilisema isitikiswe inapoamka, akaunganisha betri. Taa ya kijani ikapepesa, ikatulia.

Alijaribu vijiti. Kila kitu kilifuata mkono. Kisha akaifanyia mtihani wa pili ulioandikwa: kushika ndege na kuinamisha bawa la kulia, aone kibawa cha upande huo kikishuka ili kulinyanyua. Kilipanda. Yaani jairo ilikuwa inataka kuiangusha ndege huku ikidhani inaisaidia. Barafu aliingia kwenye mipangilio ya rimoti, akageuza upande wa chaneli ya kwanza, akajaribu tena. Sasa hata kijiti kilikuwa kinyume, na jairo ikawa palepale.

"Sasa wewe nawe," aliiambia jairo, "mimi nakuonyesha kulia, wewe unang'ang'ania kwenu."

Ilimchukua nusu saa kuelewa kwamba kugeuza kwenye rimoti hugeuza amri ya kijiti tu. Jairo ina akili yake, na ina viswichi vyake vidogo ubavuni, vya kugeuzwa kwa ncha ya bisibisi. Aliirudisha rimoti kama ilivyokuwa, akageuza kiswichi, akainamisha bawa. Kibawa kikashuka, taratibu, kama mtu anayeweka mkono chini ya kikombe kisimwagike. Alijisikia vizuri. Pengine hapo ndipo alipokosea, kwa kujisikia vizuri.

Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema: trimu zote ziwe sifuri.

Trimu ni vitufe vinne vidogo vilivyo kando ya vijiti. Hakuna ndege iliyojengwa kwa mkono inayonyooka yenyewe. Moja huvuta kushoto, nyingine huinamisha pua, kwa hiyo mrushaji hubonyeza kitufe, ti, ti, ti, mpaka ndege iende mbele bila kushikiliwa. Jairo haitaki habari hiyo. Ikiikuta trimu hudhani kijiti kimesukumwa, nayo inafuata. Barafu akashika kitufe cha kwanza mpaka kikatoa mlio mrefu. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Kwenye kioo cha rimoti vistari vinne vya trimu vikarudi katikati, vikakaa sawasawa, vizuri.

Akatazama ndege. Vibawa vilikuwa vimesogea, kidogo tu, kama mtu aliyeshusha bega. Kibao cha mkia nacho kilikuwa kimeinama unene wa kadi.

Alibaki na rimoti mkononi. Alijaribu kukumbuka vistari vilikuwa wapi kabla hajavigusa. Hakuwa amevitazama. Rimoti ilikuwa ya zamani, haikuandika namba. Alibonyeza kulia mara tatu, akarudisha mara mbili, akaacha. Alikuwa anabahatisha tu.

Kepteni alimkuta saa nane ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, hajala.

"Imekuwaje? Imeungua?"

"Nimefuta trimu zake."

Kepteni alisogea mezani, akainama, akafumba jicho moja akitazama ukingo wa bawa. "Ulipiga mistari kwanza?"

"Mistari gani?"

"Barafu. Kila mtu hupiga mstari wa penseli ubavuni mwa kibawa, pale kilipokaa. Halafu ndio unafuta trimu. Halafu unaifungua ile kulabu ya mwisho wa waya wa chuma unaosukuma kibawa, unaizungusha, unazungusha, mpaka kibawa kirudi kwenye mstari wako. Hapo rimoti inasoma sifuri na ndege inabaki ileile. Umehamisha kutoka kwenye rimoti kwenda kwenye chuma. Hakuna kinachopotea."

"Karatasi haikusema hivyo."

"Karatasi imeandikwa na mtu anayejua, akidhani na wewe unajua."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Shemeji alizipata kwa muda gani?" Barafu aliuliza, ingawa alikuwa pale na alijua.

"Miaka miwili. Unamkumbuka. Anabonyeza moja, anairuhusu izunguke uwanja mzima, anasema bado. Mimi nilikuwa namwambia bwana, hapa hupimi sukari. Ananijibu kwamba mzani ukikosea punje moja umekosea."

"Dada alisema nisibadilishe kitu."

Kepteni alivuta kigoda. Alikuwa mtu mwema, na alisema jambo ambalo watu wema husema. "Sikiliza. Dada yako hajui trimu ni mdudu gani. Kesho washa jairo, weka swichi chini, ndege itakwenda kama reli. Ataona ndege ya mumewe angani, imenyooka, atalia kidogo, mtarudi nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na hiyo reli itakuwa ya nani?"

Kepteni alipangusa nywele za wateja kwenye suruali.

"Itakuwa ya jairo," Barafu alisema. "Miaka kumi na miwili hakuja uwanjani, na kesho aje kutazama jairo."

Hata hivyo usiku alilala na shauri lile, na asubuhi aliamka nalo. Si kwamba alilikubali, ila hakuwa amelikataa.

Uwanja wenyewe ulikuwa eneo la wazi nyuma ya kiwanda cha matofali, ardhi ngumu iliyopigwa na magari, na upande wa mbali mstari wa miti. Dada alikuja na viatu vya kufunga na mtandio, akasimama pale alipoonyeshwa. Alitazama kila kitu: meza ya kukunja, betri zilizopangwa, doa la mafuta kwenye udongo. Ni kama alikuwa ameingia chumba cha mtu mwingine.

"Yeye alikuwa anasimama wapi?"

Kepteni alimwonyesha. Alikwenda akasimama hapo, akarudi. Barafu alikuwa amepiga magoti akiunganisha betri. Taa ya kijani ikapepesa, ikatulia. Dada akainama, akaigusa ndege mgongoni kwa kidole.

"Ndivyo alivyoiacha?"

Kepteni akakohoa. Barafu akainuka, magoti yana vumbi.

"Hapana, dada."

"Hapana nini?"

"Kuna kitu nimefuta jana. Sikukusudia, lakini nimekifuta mimi, kwa mikono yangu."

Akamweleza. Hakuzunguka. Alimwambia trimu ni nini, shemeji alizitafuta muda gani, na yeye alizimaliza kwa dakika moja kwa sababu hakuuliza. Dada alisikiliza bila kupepesa.

"Hakuziandika popote?"

"Hapana."

"Yule mtu? Aliyeandika mpaka tarehe ya kubadilisha balbu ya choo?"

"Zilikuwa ndani ya rimoti. Mtu haandiki kitu anachokishika kila Jumapili."

Dada aligeuka akawapa mgongo. Walimwacha. Kepteni alianza kupanga betri ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema dada, bado amewapa mgongo.

"Usingejua."

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, shemeji," Kepteni alisema. "Tusilaumiane bure. Shauri lilikuwa langu."

"Wewe nyoa watu, Kepteni. Mashauri waachie wenye nywele." Alisema bila kucheka, lakini aligeuka. Macho yalikuwa makavu. "Sasa hazipatikani tena? Hata kidogo?"

Wanaume wawili walitazamana. Hilo hawakuwa wamelizungumza, kwa kuwa jana walizungumza habari ya kuficha.

"Zinaweza kutafutwa," Kepteni alisema polepole. "Ndege ni ileile, bawa ni lilelile. Inavuta kulekule ilikokuwa inavuta. Yeye hakuzitoa kichwani, alizisikia kutoka kwenye ndege. Lakini zinatafutwa hewani, na jairo ikiwa imezimwa. Ikiwashwa inaficha kila kitu, hutaona ndege inataka nini."

"Na ikizimwa?"

"Ikizimwa," Barafu alisema, "ni mimi na ndege. Na mimi unanijua."

Dada alimtazama kwa muda. Wakati wa utoto alikuwa akimtazama hivyo huyu mdogo wake anapopanda mahali ambapo yeye mwenyewe hakuthubutu.

"Ukiivunja?"

"Itakuwa imevunjika."

"Izime," alisema.

Barafu aliiondoa ardhini swichi ikiwa chini, jairo ikifanya kazi, kwa sababu Kepteni alisema kuruka na kutafuta si kazi za wakati mmoja. Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, ikapanda bila kutikisika. Dada aliweka mkono juu ya macho. Alikuwa na shingo ya kutazama juu, kumbe.

"Panda zaidi," Kepteni alisema sikioni mwa Barafu. "Juu ndiko kwenye nafasi ya kukosea. Zaidi. Sasa."

Barafu akapeleka swichi juu.

Papo hapo ndege ikawa kitu kingine. Ililala kushoto, pua ikashuka, na mkono wa Barafu ukairudisha kwa nguvu mno, ikayumba upande wa pili. Kepteni alisimama begani mwake, macho kwenye ndege.

"Inalala kushoto," Barafu alisema.

"Basi iambie."

Ti. Alingoja. Ilikuwa bado inalala. Ti, ti. Akaizungusha juu ya miti, akairudisha, akaachia vijiti kwa nusu ya pumzi, akavishika tena. Bado. Ti. Pua inashuka, akabonyeza kitufe cha pili, ti, ti, ti. Imezidi, inapanda. Akarudisha moja. Upepo mdogo ukaigonga, akaacha upite, asije akarekebisha kwa trimu kosa la upepo. Hilo alilikumbuka. Shemeji alikuwa akilisema kila mara, naye alikuwa akilisikia kwa sikio moja huku akitafuta chupa ya maji. Sasa aligundua kwamba lilikuwa limeingia. Mara tatu aliizungusha uwanja mzima. Mara ya nne aliielekeza mbele ya dada yake, juu, akaondoa vidole vyote viwili kwenye vijiti, akavishikilia hewani ili wavione.

Ndege ilikwenda. Hakuna aliyeishika. Ilipita juu ya kiwanda, juu ya rundo la matofali mabovu, ikaendelea, imenyooka. Dada aligeuza shingo taratibu akiifuata, na midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo.

"Hivi," Kepteni alisema. "Alikuwa anaiachia hivi."

Ilikuwa inakaribia miti. Barafu akaishika, akaigeuza.

Rimoti ilipolia kwamba betri inaisha, Barafu aliishusha ndege bila jairo, kwa ubishi tu, na haikuwa kazi nzuri. Gurudumu moja lilipiga ardhi kabla ya jingine, ndege ikaruka, ikapiga tena, ikasimama imeinama na mguu umepinda. Walikwenda wote watatu. Barafu aliinama akaupima ule mguu. Ni waya tu, angeunyoosha kwa koleo.

"Ni zilezile?" dada aliuliza. "Ulizozipata. Ndizo zake?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu duniani ambaye angempinga.

"Sijui, dada. Upande ni uleule, hilo naweza kuapa. Hesabu sijui. Huenda nimekosea moja, au mbili."

"Moja au mbili." Alifikiri. "Yeye angeiona."

"Angeiona kabla haijafika pale kwenye rundo la matofali."

Dada akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na katikati yake kiligeuka. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya bawa, akakaa hivyo mabega yakimtikisika. Barafu alisimama karibu, hakumgusa. Kepteni alivua kofia, akatazama miti.

Baada ya muda dada alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Kila Jumapili alikuwa anafanya hivi tu? Anaiachia, anaitazama?"

"Hivi tu."

"Na alikuwa anataka nije nione hivi tu."

"Ndiyo, dada."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la swali rahisi. Akaangalia mezani.

"Betri nyingine mnayo?"

"Zipo mbili. Si ulisema mara moja tu?"

"Nilisema nikiwa sijaiona," dada alijibu. "Nyoosha huo mguu. Na hiyo jairo yako safari hii usiiwashe kabisa."

Barafu akafungua sanduku la vifaa, akatafuta koleo.